Sahani Niliyoirudisha



Juma hili nilikusudia kuwaandikia juu ya paa la kigango chetu, lakini paa linaweza kungoja Jumapili moja zaidi, maadamu mvua za vuli bado hazijaanza. Lipo jambo jingine ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi Machi, nalo linahusu chakula. Ni habari ya baa moja iliyo pembezoni mwa Temeke, ambako nimekula mara tatu. Mara ya kwanza nilikula vizuri kuliko nilivyotarajia, mara ya pili nilikula vibaya nikakasirika, na mara ya tatu nitaisimulia mwishoni.

Najua wapo watakaouliza Paroko alikuwa akitafuta nini baa. Ndugu zangu, katika jiji letu neno hili limebeba mambo mengi. Ipo baa ya kunywa tu. Ipo grosari, ambayo mgeni angedhani inauza unga na sabuni, kumbe inauza bia. Na ipo baa yenye jiko, ambako familia huenda Jumapili baada ya Misa, baba akaagiza kilo ya mbuzi, mama akaagiza samaki, na watoto wakagombea chipsi chini ya miti. Ninayoisimulia ni ya namna hii ya tatu. Jina lake silitaji. Inatosha kusema kwamba ukishafika Mbagala Rangi Tatu na kuiacha Barabara ya Kilwa kuelekea Chamazi, utaanza kuona mikorosho mikongwe iliyosalia kati ya nyumba mpya, mashahidi wa zamani ambapo huko kote kulikuwa mashamba. Chini ya mikorosho ya namna hiyo ndipo zilipo meza zake. Na kama yupo aliyeniona siku hiyo nikinywa bia moja, asijisumbue kupeleka habari kwa Dekano, kwa kuwa nimekwisha kuiandika hapa mwenyewe.

Tulifika pale kwa mara ya kwanza mwaka jana, baada ya kubariki nyumba ya mwanajumuiya mmoja. Tulikuwa wanne: mwenye nyumba, katekista wetu mstaafu, mimi, na fundi mkuu aliyeijenga nyumba ile, mzee wa Kiislamu mwenye maneno machache na macho makali ya kuona ukuta uliopinda. Nilikuwa na wasiwasi juu yake, kwa sababu baa ile huuza pia kitimoto. Lakini mwenye nyumba alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu. Kitimoto ina banda lake nyuma kabisa, lenye jiko lake, ubao wake na visu vyake, na mbuzi wa upande wa mbele huchinjwa na Mwislamu kama ilivyo desturi ya biashara ya nyama hapa nchini. Mzee alikwenda mwenyewe jikoni, akauliza maswali mawili matatu, akarudi akaketi. Nami nikakumbuka Aprili 1993, mabucha ya nyama ya nguruwe yaliposhambuliwa na kuvunjwa hapa Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi huko Mahenge, na habari zile tulizisikia redioni tusielewe watu wanagombania nini. Kumbe ukuta mmoja wa mabati, ukuni mwingine na kisu kingine vinaweza kuwaweka watu wa dini mbili chini ya mkorosho mmoja, kila mmoja akala kwa amani ya dhamiri yake.

Na chakula kilikuwaje? Mimi nililelewa kwa ugali na maharage, kwanza nyumbani na kisha katika Seminari Kuu ya Segerea, kwa hiyo si mtu wa kujigamba kwamba najua vyakula. Hata hivyo nilielewa siku ile kwamba kuchoma nyama ni kazi ya subira. Ulikwenda kwenye kijibucha kilicho karibu na jiko, ukachagua paja lililoning’inia, likapimwa mbele yako. Mchomaji, mzee wa makamo, alilipaka chumvi na limau, akaliweka juu ya mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila ndimi za moto, akaligeuza taratibu kwa muda unaokaribia saa nzima. Mafuta yalipodondoka na moto kuwaka alinyunyiza maji kwa vidole, kama afanyavyo fundi wa nguo mbele ya pasi. Kisha nyama ilikatwa juu ya ubao na kuletwa pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari yenye limau nyingi, na pilipili iliyotengwa pembeni kwa heshima ya wazee. Tulinawishwa mikono kwa birika na beseni. Aliyetunawisha alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye baada ya kuniamkia alisema, “Padre, mimi ni wa kwako, nilikuwa kwaya ya vijana.” Sikumkumbuka. Nilijifanya namkumbuka.

Tulirudi Februari mwaka huu. Safari hii mimi ndiye niliyewaalika wageni, mapadre wawili niliosoma nao, waliokuwa wakipita kuelekea Lindi, na nilikuwa nimekwisha kuisifu sana nyama ile kwa simu. Sikujua kwamba jioni hiyo palikuwa na mechi katika uwanja wa Azam Complex, ambao hauko mbali. Tulipofika, mashabiki walikuwa wameanza kumiminika, meza zote zimejaa, muziki umepandishwa, na wahudumu ambao siku za kawaida huwa sita walikuwa watatu. Tuliagiza kilo mbili. Tulingoja saa moja, kisha nusu saa nyingine. Soda zililetwa za moto. Nyama ilipofika ilikuwa nyeusi nje, na ndani, karibu na mfupa, ilikuwa bado ina damu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na jiko angetambua kilichotokea: mchomaji alizidiwa, akauchochea moto, ndimi zikaiunguza nyama nje kabla joto halijafika ndani.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa juma zima nililiona la haki. Nilimwita mhudumu kwa kidole. Alikuwa ni yule yule binti. Nikamwambia, kwa sauti ambayo meza tatu za jirani ziliisikia, kwamba huu si utaratibu, kwamba nimewaleta wageni, na kwamba sahani hii sitailipia. Nikamtaka amwite meneja. Meneja alikuja, kijana mwenye adabu, akaomba radhi, akaiondoa nyama katika bili yetu. Sahani ikarudishwa. Tulikuwa tumekwisha kula vipande kadhaa vya juu, vile vilivyoiva, lakini hilo halikutajwa na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza kutolitaja. Wenzangu walinisifu. Walisema Watanzania tumezidi upole, tunakula vibaya na kusema asante, na kwamba anayelalamika anawasaidia wenye biashara kujirekebisha. Niliyakubali maneno hayo kwa moyo mkunjufu, na nikayarudia mezani kwenye mkutano wa dekania.

Katikati ya Machi, binti yule alikuja ofisini kwangu. Mtoto wake alikuwa ameandikishwa kwa Ubatizo wa Jumamosi Kuu, naye alikuja kuomba usogezwe mbele hadi atakapopata kitambaa cheupe, mshumaa na nauli ya msimamizi atakayetoka Rufiji. Nilimuuliza kwa upole kilichotokea, maana mwezi wa Januari alikuwa amesema kila kitu kiko tayari. Akacheka kidogo, akaangalia sakafu.

“Padre, mwezi uliopita nilimlipia mbuzi.”

“Mbuzi gani, mwanangu?”

“Yule wa kwako, Padre.”

Alinieleza bila hasira, nami naamini hakuja kunishitaki. Kama nisingeuliza, asingesema. Na alichonieleza ndicho ambacho wengi wetu tunaokula katika baa hizi hatukijui. Katika baa nyingi za huku, jiko si la mwenye baa. Limekodishwa kwa mtu mwingine, ambaye hununua nyama na mkaa kwa fedha yake mwenyewe. Kaunta ina hesabu yake, jiko lina hesabu yake, na anayetembea katikati ni mhudumu. Akichukua bia kumi kaunta, zinaandikwa kwa jina lake. Akichukua kilo mbili jikoni, zinaandikwa kwa jina lake. Wakati wa kufunga, kila upande humdai yeye. Mteja akiondoka kwa mlango wa nyuma bila kulipa, aliyelipa ni yeye. Mteja akirudisha sahani kama nilivyoirudisha mimi, mchomaji husema nyama yangu imekwisha kuchomwa na imekwisha kuliwa nusu, kaunta husema sisi hatuuzi nyama, na deni hubaki pale linapoandikwa jina.

Kilo moja ilikuwa shilingi 18,000. Kilo mbili, shilingi 36,000. Mshahara wake ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu hiyo usiku, peke yangu: siku tisa za kazi. Siku tisa za kuanza saa 9 alasiri na kumaliza saa 8 usiku, kwa ajili ya maneno yangu machache mbele ya wageni. Meneja aliyeniomba radhi kwa adabu hakupoteza hata senti moja. Mchomaji aliyeiunguza nyama hakupoteza kitu. Nami nilipata sifa.

Katika siku zile niliisoma tena habari ya Ibrahimu akiwakaribisha wageni watatu kwenye miti ya Mamre, katika sura ya 18 ya Mwanzo. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nimemsifu Ibrahimu aliyekimbia na Sara aliyekanda unga. Safari hii macho yangu yaliangukia kwa mtu ambaye sijawahi kumtaja katika mahubiri hata mara moja: yule kijana aliyekabidhiwa ndama, ambaye ndiye aliyeharakisha kumwandaa. Hana jina. Karamu yote mashuhuri ilipita mikononi mwake.

Tuna mwanaparokia ambaye alikuwa afisa kazi kabla ya kustaafu. Nilimwendea, nikamweleza bila kutaja majina. Alitoa miwani, akanieleza mambo ambayo nilistahili kuyajua zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara jinsi apendavyo. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima apewe nafasi ya kujieleza kwa nini asikatwe. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake. Robo ya 120,000 ni 30,000, kwa hiyo hata kama binti yule ndiye aliyekuwa na kosa, walivuka mpaka. Na kosa halikuwa lake, kwani yeye hakushika koleo wala mkaa. Afisa yule aliendelea: sheria hiyo hiyo huhesabu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuwa kazi ya usiku, na kila saa yake huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi anastahili pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Kuhusu mshahara, amri ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa mikahawa, nyumba za wageni na baa, na tangu hapo kimepandishwa. Binti yetu hajafikia hata kile cha 2013. “Padre,” akaniambia, “ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na chama chao, CHODAWU, kipo. Lakini wengi wao hawana mkataba wa maandishi, na siku wakienda kulalamika wanajua jioni watakuta mwingine amevaa fulana yao.”

Nilipaswa kuyasikiliza vizuri maneno hayo ya mwisho. Badala yake nilitoka pale nimejaa moto, nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Nilimtajia sheria na mwaka wake. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa utulivu ambao ulinishangaza. Alisema yeye mwenyewe ni mwajiriwa, kwamba mwenye baa hakai Chamazi na huulizia hesabu tu, na kwamba kabla ya utaratibu ule wapo wahudumu waliokuwa wakila njama na wateja wao, nyama ikaliwa bure na kuandikwa kuwa imerudishwa. Sitaki kuificha hoja hiyo kwa sababu hainipendezi. Kuibiwa ni kuibiwa, na mwenye jiko, ambaye naye ana watoto, hununua mkaa kwa bei tunayoijua wote. Lakini nilimuuliza ni kwa nini dawa ya udanganyifu wa wachache iwe mshahara wa kila mmoja, na hapo alinyamaza. Kisha akaniuliza swali lake: “Padre, ni yule binti aliyekuambia?”

Sikujibu. Kutojibu kwangu kulikuwa jibu.

Nilimpelekea binti bahasha yenye shilingi 36,000. Aliipokea kwa mikono miwili, na mtoto akabatizwa Jumamosi Kuu kama ilivyokuwa imepangwa. Msimamizi alifika kutoka Rufiji kwa basi la asubuhi. Lakini nilipomweleza kwamba nimekwisha kuzungumza na meneja, uso wake ulibadilika. “Padre,” akasema, “ungeniuliza kwanza.”

Hakufukuzwa. Alihamishiwa zamu ya mchana, siku za kazi, wakati ambapo wateja ni madereva wachache wanaokunywa supu na kuondoka, na bakshishi hakuna. Aliniambia baadaye, katika mazungumzo ambayo amenipa ruhusa ya kuyaandika hapa kwa sharti nisimtaje jina, kwamba zamu hii ina faida yake: analala usiku, anamwona mtoto, na Jumapili ameanza tena kuja kwenye Misa ya kwanza. Lakini fedha imepungua, na chumba alichopanga kinadai kodi ile ile. Nilimuuliza kama amefurahi au amehuzunika. Akasema inategemea na siku.

Mwezi uliopita nilirudi pale kwa mara ya tatu, safari hii na katekista wetu mstaafu peke yake. Ilikuwa jioni ya Jumatano, tulivu, upepo mwepesi umeamka. Tulichagua paja dogo, kilo moja, nikaenda kaunta na kulipia kabla ya kuketi. Yule wa kaunta aliniangalia kama mtu asiyejua desturi. Nyama ilikuja baada ya dakika hamsini. Ilikuwa nzuri kama ile ya kwanza, ngozi imekauka vizuri, limau imeingia. Tulikula na kuzungumza habari za zamani za parokia, enzi ambazo katekista alikwenda vigango kwa baiskeli kupitia mashamba haya haya ya mikorosho. Tulipofika kwenye mfupa nikaona rangi nyekundu tena, kidogo tu.

Nilimwomba mhudumu, msichana mwingine nisiyemjua, aniitie mchomaji mwenyewe. Alisita, kisha akaenda. Mzee akaja na kisu chake mkononi, akainama, akapasua pale karibu na mfupa, akatikisa kichwa. “Hapa nimekosea,” akasema. “Dakika kumi, Padre.” Akaichukua sahani kwa mikono yake.

Yule msichana alibaki amesimama kando ya meza, ameshika kijitabu chake.

“Padre, na hiyo ataandikiwa nani?”

“Imekwisha kulipwa kaunta, mwanangu,” nikamwambia.

Aliangalia upande wa kaunta kuhakikisha, ndipo akaenda kuwahudumia wengine.